Pete Tano Zilizokula Mahari ya Jamaa wa Kigamboni

Ukisikia jamaa kachelewa kuoa sababu ya pete, haraka haraka utawaza duka la sonara. Hapana. Pete zenyewe ni zile ndogo za kwenye fimbo ya kuvulia samaki, zile ambazo mshipi unapita ndani yake kutoka kwenye rili mpaka kwenye ncha. Zilikuwa tano tu, na ndo zimesogeza harusi ya watu.

Mhusika ni kijana wa Kigamboni, miaka 27, mtoto wa mvuvi. Baba yake amevua kwa mshipi wa mkono maisha yake yote: ndoana, chubwi, kipande cha ngisi, basi. Mambo ya fimbo hayajui na wala hayataki. Kijana bahari ilimkataa tangu mdogo, kila akipanda chombo anatapika, kwa hiyo akabaki nchi kavu na mikono yake. Akaanza kukarabati fimbo za wenye boti upande wa Msasani. Pete imeng'oka, anafunga. Kishikio kimelegea, anagundisha. Baadaye akawa anaagiza fimbo tupu, ile ya kaboni ambayo haina kishikio wala pete, anaijenga mwenyewe kwa oda. Anafunga pete kwa uzi wa rangi, anapaka gundi ya epoksi juu ya uzi mpaka inang'aa kama kioo, anapiga picha, anapost. Laiki za kutosha.

Pembeni kulikuwa na bahasha. Mahari ni milioni 1 na nusu, na bahasha ilishafika milioni 1 na laki 1. Binti wa watu anasubiri, wazee wameshaonana, harusi Desemba.

Ndo akaingia bosi wa Masaki.

Bosi mwenyewe bado kijana, ana boti, na ana wafuasi mtandaoni wengi kuliko samaki aliowahi kuvua. Alitaka fimbo ya futi 7 ya kurushia chambo bandia, awinde kolekole wakubwa. Nyeusi, uzi wa dhahabu. Akaongeza sharti moja: "Fundi, usinijazie mapete. Weka tano tu, zilingane. Hizo nyingi nyingi zinaleta ushamba kwenye picha."

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, manake kila kilichofuata kilianzia hapa. Jamaa alijua. Fimbo ya urefu ule huwa anaiwekea pete 8, na ya 9 ile ya kwenye ncha. Kuna hesabu ya kienyeji ambayo mafundi wengi wa fimbo huanza nayo: pete moja kwa kila futi, ongeza moja au mbili. Alijua pia kwamba pete hazipangwi kwa umbali sawa. Karibu na ncha, pale fimbo inapolainika na kupinda sana, zinakaa karibu karibu. Kadiri unavyorudi kwenye kishikio, zinaachana.

Yote hayo alikuwa nayo kichwani. Lakini bosi alishatuma laki 6 na nusu kwenye simu, pesa yote mkupuo, na ukijumlisha na bahasha, mahari imetimia na chenji inabaki. Jamaa akasema, "Sawa bosi." Akachukua rula, akagawa fimbo kwa vipimo sawa, akafunga pete tano. Na ya kwanza kutoka kwenye rili akaweka ndogo, ili zote zifanane.

Ilikuwa nzuri, hakuna ubishi. Kwenye picha ilikuwa balaa.

Jumamosi bosi akaingia baharini na mtu wa kumrekodi. Mrusho wa kwanza, chambo kikaanguka karibu kama kimetupwa na mtoto. Wa pili, mshipi ukajisokota kwenye pete ya kwanza ukawa kama kiota cha ndege. Wakakaa kuufungua wee. Wa tano au wa sita, kolekole akapiga. Fimbo ikapinda, bosi anapiga kelele za furaha, kamera inacheza, na ghafla, PAA! Kipande cha mbele kikalala majini. Samaki kaondoka na chambo.

Usiku ule ule video ikapanda. Maneno ya juu yalikuwa machache: fundi wa Kigamboni mkimbieni. Jina halikutajwa, ila ule uzi wa dhahabu kila mtu aliutambua. Kufika Jumatatu, oda mbili zilishafutwa, na bosi anataka hela yake. Jamaa akafungua bahasha, akatoa laki 6 na nusu, akarudisha. Ikabaki laki 4 na nusu.

Mchumba alipouliza mipango imefikia wapi, jamaa akajibu kwamba kuna mzigo wake umekwama bandarini, ukitoka tu mambo yatakaa sawa. Hakukuwa na mzigo. Alifunga banda, akawa analala mchana.

Mzee hakusema kitu wiki mbili nzima. Wiki ya tatu, siku moja asubuhi, aliingia bandani peke yake, akakuta vile vipande viwili kwenye pipa. Akavitoa, akakaa navyo juu ya ndoo. Kijana alipokuja, mzee akauliza swali moja tu.

"Mshipi ulikuwa unapita wapi?"

Bahati nzuri jamaa aliagiza fimbo tupu mbili za aina moja. Akachukua ile nyingine, akazibandika pete tano kwa tepu ya karatasi, pale pale zilipokuwa mwanzo. Wakabana kishikio kwenye jiliwa, wakapitisha mshipi, wakauning'iniza ndoo. Mzee akaanza kumimina mchanga kwa kopo, taratibu, anatazama.

Kwa mara ya kwanza jamaa akaona alichokuwa anakijua kwa maneno tu. Fimbo ilipinda kama upinde, ila mshipi haukufuata ule mpindo. Kutoka pete hadi pete ulinyooka, kama mtu anayekatiza kwenye kiwanja cha watu badala ya kufuata njia. Na kati ya pete ya nne na ncha, pale nafasi ilipokuwa kubwa mno, fimbo haikupinda kwa ulaini tena. Ilikunjika kama kiwiko. Ukipima na vile vipande viwili, ni pale pale ilipokatikia.

"Mimi fimbo sizijui," mzee akasema. "Ila mshipi naujua. Hapa mzigo wote umeuweka mahali pamoja, mwanangu. Lazima pakatike."

Wakapunguza mchanga, wakaanza upya. Pete ya kwanza kutoka kwenye ncha ikakaa kama sentimita 10. Inayofuata ikaachana nayo kidogo zaidi, inayofuata zaidi tena. Wanabandika, wanarudisha mchanga, wanaangalia, wanasogeza. Kila walipoona mshipi umeacha mpindo, waliongeza pete au waliisogeza. Zilipofika nane na ile ya ncha, mshipi ukawa unatembea sambamba na fimbo toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kiwiko. Rula haikutumika hata kidogo. Fimbo yenyewe ndo ilionyesha pete zinataka kukaa wapi.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurusha.

Rili aliyotumia bosi ni ile inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo bobini yake haizunguki unaporusha. Mshipi unachomoka kwa mbele, unatoka na mizunguko mikubwa kama springi. Ukiukutanisha ghafla na pete ndogo, mizunguko inajazana mlangoni, inapigapiga fimbo, mwendo unakufa, na mshipi wa kusuka vile ulivyo mwepesi, unajifunga. Kwenye ile rili ya kukaa juu, ambayo bobini yenyewe inazunguka, mshipi unatoka umenyooka, kwa hiyo shida yake ni tofauti: pete ziko juu ya fimbo, na zikiwa chache, fimbo ikipinda mshipi unashuka mpaka unaisugua. Kwa hiyo mpangilio wa rili moja huwezi kuuhamishia kwenye nyingine ukategemea bahati.

Mzee alielewa hili haraka kuliko mwanae. Miaka yote amerusha mshipi wa mkono kutoka kwenye duara alilolipanga miguuni, anajua mshipi unavyochukia kubanwa ghafla. "Ni kama faneli," akasema. "Mdomo mpana, shingo inapungua polepole. Wewe umempa shingo kabla ya mdomo."

Wakaweka pete ya kwanza kubwa, yenye miguu mirefu, ya pili ndogo kuliko hiyo, ya tatu ndogo zaidi, mshipi ukishatulia zinazofuata zote ni ndogo na nyepesi mpaka ncha. Jioni wakashuka ufukweni na chubwi lisilo na ndoana. Jamaa anarusha, mzee anahesabu hatua mchangani. Wanasogeza pete ya kwanza mbele kidogo, anarusha tena. Mrusho wa kwanza hatua 38. Mpaka giza linaingia, hatua 51, na ule mlio wa mshipi kupigapiga fimbo haupo.

Siku ya pili akafunga uzi. Mweusi, wa kawaida. Usiku akapaka gundi na kuiweka fimbo kwenye kimashine chake, mota iliyotolewa kwenye maikrowevu mbovu, inazungusha fimbo polepole ili gundi isichuruzike upande mmoja. Saa tatu usiku umeme ukakatika.

Gundi mbichi haisubiri umeme. Wakawasha tochi ya simu, wakakaa chini, baba upande huu, mtoto upande ule, wanaizungusha kwa mkono. Robo mzunguko, unasubiri, robo mzunguko. Masaa yakaenda. Na ukikaa na baba yako gizani bila kazi nyingine zaidi ya kuzungusha fimbo, maneno yanatoka tu. Jamaa akasema yote: laki 6 na nusu, bahasha, mzigo wa uongo bandarini. Akasema na lile lililokuwa linamkaba zaidi, kwamba alijua pete hazitoshi akanyamaza kwa sababu ya hela.

Mzee akazungusha robo. "Na binti wa watu anajua?"

"Hajui, baba."

"Ana simu?"

"Anayo."

Mzee hakuongeza neno.

Kesho yake jamaa akaenda. Alikuwa kajiandaa na maelezo marefu, hata nusu hakufika. Binti akamkatisha: "Ile video niliiona siku ile ile, saa nne usiku. Nilikuwa nahesabu siku utakazokaa kimya. Leo ya 23."

Hakulia, hakupiga kelele. Alisema hela ya mahari inatafutwa, si tatizo. Tatizo lake ni ule mzigo wa bandarini, kwamba aliweza kuutunga akiwa anamwangalia usoni. Akaomba muda. Desemba ikapita bila harusi.

Kwa bosi pia alikwenda, kabeba fimbo mpya. Akamwambia wazi kwamba wazo la pete tano lilikuwa la bosi, lakini kosa lilikuwa la fundi, kwa sababu yeye ndo aliyejua. Bosi akaangalia zile pete nane, akacheka, akasema bado ina ushamba. Hakuinunua. Video hajaifuta mpaka leo.

Nahodha wake ndo aliyeiomba aijaribu. Akakaa nayo wiki mbili. Siku ya kurudi hakuja na fimbo, alikuja na hela, na oda ya nyingine mbili.

Siku hizi ukienda kwenye lile banda utakuta vipande viwili vyenye uzi wa dhahabu vimetundikwa juu ya mlango. Na kuna utaratibu mpya: hakuna uzi unaofungwa kabla mteja hajashika mshipi kwa mkono wake na kuivuta fimbo ikiwa bado na pete za tepu. Aone mwenyewe inavyopinda. Akisema punguza pete, anaonyeshwa kiwiko. Akiendelea kung'ang'ania, anarudishiwa hela yake hapo hapo, kabla haijaingia kwenye bahasha yoyote.

Bahasha imerudi laki 9. Binti ameanza kupokea simu tena, na wiki iliyopita alipita bandani, akavuta mshipi mwenyewe, akauliza kwa nini pete za mbele zimesogeleana vile. Jamaa akamwelezea mpaka mwisho, na safari hii hakuruka kitu.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndo huyo binti, ungehesabu siku 23 kimya kimya, au ungeuliza usiku ule ule ulipoiona video?