Jamaa Alipompeleka Mchumba Kula Bata Kando ya Thames, Siri ya Maboksi Ikafichuka!

Wadau, kuna ile picha mnaijua: meza yenye kitambaa cheupe, glasi mbili, nyuma Tower Bridge limewaka taa. Ukiiona Instagram unasema moja kwa moja, huyu mtu London kapatia.

Picha za hivyo hupigwa sana Butlers Wharf, ng'ambo ya kusini ya mto Thames, jirani kabisa na daraja. Mwaka 1997 Tony Blair na Bill Clinton walikula hapo na wake zao, kwenye mgahawa wa Le Pont de la Tour. Sio pa kitoto.

Sasa jamaa mmoja wa Kibongo akampeleka mchumba wake maeneo hayo. Mrembo ndio katua kutoka Dar, kapendeza hatari. Maji hayajaletwa, picha tayari ipo hewani. Nyumbani ukoo mzima unajua shemeji ni bosi wa kampuni ya mizigo. Wajomba wamepanga mahari kwa kuangalia picha, sio mfuko.

"Beibi, hili jengo lilikuwa la mfalme gani?" mrembo akauliza.

"La mfalme wapi! Lilikuwa ghala."

Na ni kweli. Butlers Wharf ilimalizwa kujengwa mwaka 1873. Meli zilishusha chai, sukari na viungo, vibarua wakabeba mgongoni. Kazi ilikuwa ya kuchaguliwa asubuhi kwa asubuhi. Usipochaguliwa, unarudi kwako mikono mitupu. Ghala likafungwa 1972. Miaka ya themanini Terence Conran akaongoza kulikarabati, zikatoka nyumba za bei mbaya na migahawa. Vile vidaraja vya chuma juu ya barabara ya Shad Thames, watu wanavyovipiga picha leo, vilikuwa njia ya kupitishia mizigo.

Jamaa alipofika hapo akanyamaza. Kisha akasema, "Na mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Nabeba maboksi, shifti ya usiku. Hiki chakula ni siku mbili zangu za kazi."

Mrembo akaweka uma chini.

"Kwa nini uliwaacha wajomba wapange vile?"

"Niliogopa utaniacha."

"Kubeba maboksi sio wizi. Ila umeniacha mimi nikudanganyie kwa mama yangu. Kesho unampigia mjomba mwenyewe. Usinitume mimi."

Keki hawakuagiza. Jamaa akalipa, wakatoka kwa miguu hadi kituo cha treni, mrembo kashika viatu mkononi.

Wadau, watu wanalipa hela ndefu kukaa ndani ya kuta walizohenyeka wabeba mizigo, na wanajivunia. Mbeba mizigo wa leo ndio anaona aibu kusema kazi yake. Simu kwa mjomba ilipigwa kweli, na mahari inapangwa upya.

Haya, ungekuwa wewe ndio mrembo, ungebaki au ungebeba pochi yako?