Maji Yakifika Mwisho wa Mfereji

Vijana wapendwa, wengi wenu mnatufahamu kwa sura tu. Mmetuona kando ya njia zinazotengenezwa hapa Bukavu, tumevaa kofia ngumu, tumeshika utepe wa kupimia na daftari, tukiinamia mtaro ambao wengine wanauchimba. Wako wanaotudhania kuwa wahandisi. Wako pia wanaosema kwamba tumetumwa kutafuta makosa kusudi tupewe matabishi, na hatuwezi kuwalaumu sana, maana wameona mengi.

Sisi ni wakaguzi wa komini. Hatuchori ramani wala hatushiki fedha. Barabara kubwa za mjini na mifereji yake ni kazi ya OVD, ofisi ya Serikali iliyoundwa mwaka 1987. Zile zinazounganisha mji na mji ni za Office des Routes. Lakini sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, iliyopanga madaraka ya miji, komini, sekta na usultani, iliikabidhi komini utunzaji wa njia za mitaa na mifereji ya kuondolea maji. Ndiko tunakofanya kazi, katika njia ambazo hazitajwi redioni.

Kazi yenyewe ni kuona vitu kabla havijafunikwa. Mfereji uliokwisha hufanana na mfereji mwingine wowote uliokwisha: kuta zimenyooka, saruji inang'aa, picha inapigwa. Zege lake huagizwa mara nyingi kwa kilo 350 za saruji katika kila meta moja ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Mfuko mmoja ukitoroka usiku, hakuna jicho litakalogundua asubuhi. Tena kuna ndoo ya maji. Kapita akiona zege ni zito, huongeza ndoo moja ili lishuke vizuri kati ya mbao, na vijana wanaobeba makarai humshukuru kwa sababu mzigo wao umekuwa mwepesi. Maji hayo ya ziada hukauka baadaye, yakaacha vitundu vidogo ndani, na zege likapoteza nguvu. Ndiyo maana tunatembea na koni ya chuma yenye kimo cha sentimeta 30. Tunaijaza zege bichi, tunalishindilia kwa fimbo, tunaiinua koni taratibu na kupima jinsi rundo lilivyoporomoka. Ni kipimo cha dakika chache tu, lakini kina saa yake. Mkaguzi anayefika saa nne, hali zege limemwagwa saa mbili, hakagui kitu; anatazama tu.

Mji wetu una shida yake ya pekee. Katika mji wa tambarare kama Lubumbashi, mafundi huhangaika kuyapa maji mteremko, hata wa sentimeta 5 tu kwa kila meta 10. Kwetu mteremko umezidi. Milima ambayo watu wachache walijenga juu yake enzi za Costermansville leo imejaa nyumba kutoka kileleni hadi bondeni, na maji ya mapaa yote hayo yanashuka kwa pamoja. Mfereji wa Bukavu lazima uwe na ngazi ndani yake za kuyavunja maji mbio, na mawe yaliyopangwa mahali yanapotokea. Usipoyavunja mbio, yatachimba udongo chini ya mfereji wenyewe hadi ubaki ukining'inia.

Mwaka mmoja, kiangazi kikielekea kwisha, tuliitwa kupokea kazi upande wa Kadutu. Zilikuwa meta 200 za mfereji, na tuseme kweli, zilijengwa vizuri. Tulikuwa tumezifuata tangu siku ya kwanza. Shida ilikuwa mwisho wake. Ramani ilikoma mahali ambapo kilima kinainama, na chini ya hapo palikuwa na nyumba tano za mbao. Ili kufikia mfereji mkubwa wa zamani zilihitajika meta 60 zaidi, ambazo hazikuwamo katika mkataba. Mkandarasi alituambia, “Mimi nimemaliza. Mkataba wangu unaishia hapa.” Alikuwa na haki. Tatizo ni kwamba maji hayakusoma mkataba.

Nyuma yake walisimama vibarua wapata thelathini. Alikuwa amewaambia kwamba mishahara yao inangoja saini yetu. Baadhi yao ni jirani zetu. Mmoja tunakaa naye katika jumuiya. “Baba, tieni saini tu,” alisema, “Septemba ni kesho, watoto wanaingia shuleni.”

Tulikaa juu ya ukuta wa mfereji kwa muda mrefu, tukabishana. Mwishowe tulitenganisha mambo mawili ambayo mkandarasi alipenda yaonekane kuwa moja. Tuliandika hati ya vipimo, inayothibitisha kwamba meta 200 zimejengwa na zinastahili kulipwa. Hati ya mapokezi hatukuitia saini. Tulimwandikia mkuu wa komini barua ya kurasa mbili, yenye mchoro wa nyumba tano na njia ambayo maji yangepita.

Fedha za vipimo zilitoka. Hata hivyo vibarua walingoja majuma matatu, nao hawakumnung'unikia mkandarasi bali sisi. Salamu zilipungua njiani. Mmoja wetu alipendekeza tuwaeleze upya tofauti ya zile hati mbili, lakini mtu ambaye mtoto wake amerudishwa kutoka shuleni hana masikio ya hati.

Hatukuwa tunaogopa kivuli. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Hatusemi kwamba mfereji ungeuzuia msiba ule. Lakini aliyeona picha zile hawezi tena kusimama juu ya nyumba za watu na kusema kwamba kazi imekwisha.

Hatimaye zilipatikana fedha za meta 20 tu, pamoja na mawe ya kufungwa katika nyavu za waya, yanayoyageuza maji yaingie katika mkondo wa kando. Ndipo tulipotia saini mapokezi ya muda, tukiandika chini kabisa kwamba meta 40 bado zinadaiwa.

Tuongeze jambo moja linalowahusu ninyi, maana tunawaona kwenye salongo. Mnazibua mfereji kwa bidii, mnatoa chupa na mifuko ya plastiki ambayo amri ya Desemba 2017 ilikwisha kuikataza, kisha tope mnaliacha ukingoni. Mvua ya kwanza hulirudisha lote. Njooni na mkokoteni.

Mwaka uliofuata, mvua zilipopungua, tulirudi kwa mapokezi ya mwisho. Tuligonga kuta kwa nyundo, tukasikiliza, zilikuwa nzima. Vifuniko vitatu vilikuwa vimehamishwa, vikawa daraja la kuingilia dukani. Mawe katika nyavu yalikuwa mahali pake. Mama mmoja wa nyumba za chini alipanda hadi tulipokuwa, akauliza meta 40 zitakuja lini. Tulimjibu kwamba zimo katika barua, na barua iko mezani kwa wakubwa. Aliomba nakala yake. Tulimpa.