Khofu ya Mlimani: Tuliyojifunza Litembo

Bismillahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu yangu msomaji, leo tuzungumze kuhusu khofu. Sikusudii khofu ya kumcha Allah, hiyo tumeizungumza mara nyingi hapa. Nakusudia khofu ya kawaida ya mwanadamu, ile inayokausha mate mdomoni na kulegeza magoti. Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba mwanamume haogopi, na kwamba mwenye imani ya kweli hatetemeki. Matokeo yake mtu anaogopa, kisha anaona haya kwa kuogopa, na haya hiyo inamzuia kuomba msaada. Wengi wameangamia kwa haya kuliko walioangamia kwa khofu yenyewe.

Nitakupeleka Litembo, in shaa Allah, tulitazame jambo hili kwa karibu.

Kwa usiyepajua: ukitoka Songea kuelekea magharibi, unasafiri kiasi cha kilomita 100 unafika Mbinga. Ukiendelea mbele na barabara kubwa utateremka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Lakini ukiiacha barabara hiyo na kuingia milimani, unaingia katika nchi ya Wamatengo, nchi ya baridi, kahawa na maharage. Huko ndiko iliko Litembo. Watu wengi wa Ruvuma wanaijua kwa hospitali yake ya misheni, ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Wachache wanaujua mlima wake na mapango yake.

Kuna watu wanaoweka akiba miaka mingi ili waende Peru, Amerika ya Kusini, kuiona Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa na Wainka katika karne ya 15, mita zaidi ya 2,400 juu ya usawa wa bahari. Wengine hawatosheki na magofu, wanapanda na kilele cha Huayna Picchu kilicho jirani, kwa ngazi nyembamba za mawe, korongo likiwa miguuni pao. Wakirudi makwao wanasimulia namna miguu ilivyowatetemeka. Sina ubaya na safari hiyo. Qur-aan inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame yaliyowapata waliotutangulia. Ila nauliza: na sisi hapa kwetu, hatuna waliotutangulia?

Nilikuwa nimealikwa Mbinga mjini kwa darsa za siku tatu. Siku ya nne ilikuwa ya mapumziko, na mwalimu mmoja wa madrasa akapendekeza twende Litembo tukauone mlima ambao Wamatengo walikuwa wakijificha zamani. Tulikuwa watatu: mwalimu, mimi, na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 niliyefuatana naye kutoka Dar es Salaam. Tulikwenda kwa pikipiki. Mvua zilikuwa hazijakatika, njia ya udongo ilikuwa utelezi mtupu, na mara mbili ilibidi tushuke tuzisukume.

Tulipofika, mwalimu hakutupeleka mlimani moja kwa moja. Alitupeleka kwanza nyumbani kwa mzee mmoja, mkulima wa kahawa, Mkatoliki, mtu wa miaka sabini hivi. Tukamwamkia, tukapewa viti, tukaeleza haja yetu. Mzee akatoka nje akatazama mawingu. Akarudi akatazama viatu vyetu. Kijana wangu alivaa raba nyeupe za mjini. Mzee akasema, "Tutakwenda. Ila nikisema basi, ni basi."

Nikamjibu, "Tumekubali, mzee wetu."

Lishike neno hilo, ndugu yangu. Tutalihitaji mbele.

Tulianza kwa kupita mashambani. Mteremko ulikuwa mkali, lakini wote ulikuwa umelimwa, umejaa mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki. Hicho ndicho kilimo cha ngolo cha Wamatengo. Wanakata majani, wanayalaza kwa mistari inayokatana, kisha wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani yale. Katikati linabaki shimo, pembeni yanabaki matuta. Maharage yanapandwa kwenye matuta, na baadaye mahindi. Majani yakioza yanakuwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji yanatulia mashimoni badala ya kuuporomosha udongo hadi bondeni. Mahali ambapo mimi nilikuwa nikitafuta pa kushika ili nisianguke, mama mmoja alikuwa akichimba kwa jembe, na mtoto mgongoni, akatusalimia bila hata kusimamisha kazi.

Baada ya mashamba njia ikawa nyembamba, kisha ikawa haipo. Ukungu ukashuka. Tukafika kwenye mwamba mtupu, mweusi kwa maji, uliolalia upande. Ilikuwa ni lazima tuukate kwa ubavu, hatua kama kumi na tano. Kulia kwetu kulikuwa na jiwe. Kushoto kulikuwa na vichaka viwili vitatu, kisha ukungu, na chini ya ukungu sauti ya maji yanayokimbia.

Mzee alivaa katambuga. Alivuka kama anavuka uwanja wa nyumba yake.

Kijana akamfuata, nami nyuma yake. Katikati ya mwamba akasimama. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, viganja vyote viwili vimegandia jiweni. Akasema, "Mjomba, siwezi." Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. Sikuwa na la kumsaidia. Moyo wangu ulikuwa ukinipiga masikioni, na magoti yangu yalikuwa yakicheza yenyewe. Sikuweza kumpita, wala kumvuta nyuma.

Mzee akarudi. Hakucheka, wala hakukaripia. Alikuja akasimama upande wa chini, yeye akawa kati ya kijana na lile bonde, akasema taratibu: "Mjukuu wangu, chini usitazame. Na juu usitazame. Tazama kisigino changu. Ninapokanyaga, na wewe kanyaga hapo hapo."

Nyuma yangu nikamsikia mwalimu anasema polepole, "Allahu Akbar." Hatua moja. "Allahu Akbar." Hatua nyingine.

Amepokea Imam Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdillah (radhi za Allah ziwe juu yake) kwamba Maswahaba safarini walikuwa wakipanda mahali pa juu wanaleta takbira, na wakiteremka wanaleta tasbihi. Hadithi hii nimeisomesha mara nyingi nikiwa nimekaa juu ya zulia la msikiti. Siku ile niliielewa kwa magoti. Ukiwa umebandikwa kwenye jabali, jabali ndilo linalokuwa kubwa kuliko kila kitu. Linaijaza akili yote. Takbira inakuja kukukumbusha kwamba yupo Mkubwa zaidi yake, na nafasi kidogo ya kupumua inapatikana, na mguu unasogea.

Tulivuka. Kijana alikaa chini akaweka kichwa kati ya magoti, na hakuna aliyemsemesha mpaka alipoinuka mwenyewe.

Mbele kidogo tukafika kwenye mawe makubwa yaliyoegemeana, yenye nafasi chini yake ya watu kujikunyata. Hapo mzee akatusimulia. Katika karne ya 19 Wangoni walipofika kutoka kusini, walikuwa wakivamia vijiji, wakichukua watu, ng'ombe na chakula. Wamatengo wakakimbilia milimani na mapangoni. Kisha wakaja Wajerumani na kodi zao, na mwaka 1902 kukawa na mapigano hapa hapa Litembo, watu wakafia kwenye mawe haya haya waliyoyategemea kuwaokoa. Mzee aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja mipaka ya shamba. Kisha akaongeza, "Mlipita mchana. Wao walipita usiku, na watoto mgongoni. Mtoto akilia, mmekwisha wote."

Kijana wangu akautazama ule mwamba tuliotoka. Hakusema kitu, nami nilinyamaza.

Nilipokaa chini ya jiwe lile, fikra zangu zilikwenda Makka, kwenye pango la Thaur. Unakijua kisa hiki, na kimetajwa katika Surat At-Tawba. Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) na Abubakar wamo pangoni, na wanaowatafuta wamefika juu yao. Abubakar aliogopa. Huyu ni mbora wa umma baada ya Mitume, na aliogopa, akasema kwamba lau mmoja wao angetazama miguuni pake angewaona. Je, Mtume alimkemea? Alimwambia imani yake imepungua? Hapana. Alimliwaza, akamkumbusha kwamba Allah yu pamoja nao.

Na kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo wengi tunalipita haraka. Nani aliyewaongoza njia kutoka pale hadi Madina? Ni Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye wakati ule hakuwa Mwislamu. Walimwajiri kwa sababu alikuwa fundi wa njia na walimwamini kwa amana. Walimkabidhi ngamia wao, wakaagana naye awakute pangoni baada ya siku tatu. Mtume aliyeahidiwa nusura na Mola wake alitafuta mtu anayeijua njia, na akaifuata njia ya mtu huyo.

Narudi mlimani. Tulipopumzika, kijana alipata ujasiri mpya. Akataka tufike kileleni apige picha. "Mjomba, si bado kidogo tu?" Mzee aligeuza uso upande wa ziwa, ingawa ziwa halikuonekana kwa ukungu, akanusa upepo, akasema, "Basi."

Kijana akanitazama mimi. Alijua mimi ndiye mkubwa wake. Nikamwambia, "Umesikia. Tunashuka."

Kushuka kulikuwa kugumu zaidi. Sehemu nyingine tulikaa tukajiburuta, tukisema "Subhanallah" kila tulipoteremka. Mwamba ule tuliuvuka tena, safari hii kijana akitazama kisigino bila kuambiwa. Tulipofika mashambani mvua ikaanguka, mvua ya milimani isiyotaka mazungumzo. Niligeuka nyuma, mlima haukuonekana kabisa. Ule mwamba wakati huo ulikuwa mfereji.

Tulipofika kwake, mzee alitutandikia mkeka barazani, akatupa maji ya kutawadha, akafukuza kuku wasitusumbue. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, swala ya wasafiri. Tulipotoa salamu, kahawa ilikuwa tayari.

Ndugu yangu, yako mambo matatu nataka uondoke nayo.

La kwanza: kuogopa si upungufu wa imani. Nabii Musa (alayhis salaam) aliikimbia fimbo yake ilipogeuka nyoka, na Qur-aan haikulificha hilo. Kwa hiyo ukiogopa, sema. Kijana wangu aliokoka pale aliposema "siwezi." Angenyamaza na kujikaza kiume, mguu ungeteleza. Na wewe uliye nyuma ya mwenye khofu, usimcheke wala usimsomee mawaidha. Simama upande wa bonde.

La pili: kumtegemea Allah hakukuondolei wajibu wa kumtafuta anayeijua njia. Yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake na ategemee, aliambiwa amfunge kisha ategemee. Daktari akikwambia dawa hii usiiache, huyo ni mwenyeji wa njia ile. Nahodha akisema leo bahari haifai, huyo ni mwenyeji. Usimpime kwa umri wake, kabila lake wala dini yake. Mpime kwa ujuzi na amana, na ukishamkubali, ukubali na "basi" yake. Watu wengi wanamtaka mwenyeji wa kuwaambia twende. Wa kuwaambia basi hawamtaki.

La tatu, nalo ndilo zito zaidi. Khofu iliwapandisha Wamatengo milimani, lakini hawakubaki wamejikunyata mapangoni. Waliutazama mteremko waliosukumiwa, wakaufanya shamba. Ngolo zile, kwa mujibu wa wenyeji, zilizaliwa katika dhiki hiyo: watu wengi, ardhi ndogo, mlima mkali, na adui bondeni. Adui ameondoka zamani. Mashimo yapo, na maharage yanavunwa.

Basi jiulize khofu yako umeifanyia nini. Unaogopa kisukari kwa sababu kilimchukua baba yako? Usiku hulali, lakini kupima huendi. Hapo umekaa pangoni. Nenda ukapime. Unaogopa kufa na madeni? Yaandike leo, na uandike wasia wako, uwape watu wako mahali ulipouweka. Unaogopa watoto wako watapotea? Kaa nao jioni hii, simu ikiwa mbali. Chimba shimo moja leo na jingine kesho, mpaka mteremko wako uweze kushika maji.

Namuomba Allah amlipe kheri kila aliyewahi kusimama upande wa bonde kwa ajili yetu, awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na majini, na atujaalie tunapopanda tukumbuke ukubwa Wake, na tunaposhuka tumtakase.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.