Agosti, tena

Jumanne, 1 Agosti 2023
168/104. Wamepima mara mbili, wakidhani mashine imekosea. Chumvi, mama? Situmii. Dawa? Kila usiku saa mbili, sikosi. Amlodipini imetoka miligramu 5 hadi 10. Daktari yule kijana akauliza ilianza lini. Nikasema nilipojifungua. Uongo. Mbona nimemdanganya mtoto wa watu, na aliuliza vizuri?

Alhamisi, 3 Agosti
Tairi la matatu limepasuka stejini. Nikajikuta chini, kando ya jiko la muuza mahindi, mikono kichwani. Moyo haukutulia hadi alasiri.
Siku ile ya bomu nayo ilianza kwa mlio mdogo. Mdogo tu. Wote wakakimbilia dirishani. Mimi nilikuwa nimeinama, natafuta faili. Droo ya chini.
Sijawahi kuliandika hili popote.

Jumamosi, 5 Agosti
Binti kaja. Nimemwambia la tairi. Yeye ni muuguzi; akanichorea nyuma ya bahasha: ukishtuka, adrenalini na kotisoli humwagika, moyo mbio, mishipa inabana. Hatari ikipita, mwili hutulia. "Wako, Mama, unashtuka kila mlango ukibamizwa." Miaka nenda miaka rudi, mishipa inakakamaa. Nimepata nafuu ya ajabu kusikia. Kumbe si uzembe wangu.
Kisha akanisomea utafiti wa San Diego, wa Felitti na Anda, watu 9,508. Walioteseka sana utotoni ndio waliougua zaidi ukubwani: moyo, mapafu, ini. Ulichapishwa 1998. Hapo sauti ikamshuka. Mwaka huo wa bomu alikuwa na miaka mitatu. Mama halali, mama hataki redio, mama anafoka kikombe kikianguka. Kipandauso kilimwanza darasa la nne.
Hakusema kitu. Nami nikaenda kupakua chakula.

Jumapili
Sikulala. Kikombe kile kilikuwa cha plastiki. Hata hakikuvunjika.

Jumatatu, 7 Agosti
Tumekwenda wawili kwenye ukumbusho. Nimemwonyesha jina ukutani: huyu ndiye aliyekununulia viatu vyekundu. Alikwenda dirishani. "Na wewe, Mama?" Nikamwambia droo. Nikamwambia yote, mpaka vumbi lile mdomoni. Nikamwomba radhi kwa kikombe. Hakikumbuki, anasema. Lakini alinishika mkono hadi kwenye gari.
Jioni 160/100. Bado juu. Dawa nimemeza.
Amelala hapa leo. Kichwa kimemwanza tena. Nimemzimia taa, nikaurudisha mlango polepole.