Ipo, Iko, Imo: Kimya cha Mlenga Shabaha

Neno shabaha lina nyuso mbili. Uso wa kwanza twaujua sote: ni kitu kinacholengwa. Uso wa pili ni mfanano, na kutokana nao tuna kushabihi na kushabihiana. Tena tashbihi, ambayo mshairi hawezi kupita siku mbili bila ya kuigusa, ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hiyo anayefananisha na anayelenga huchota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Sikio langu, likiisha kulizoea jambo hili, husikia pia lenga ndani ya malenga. Wanaisimu wanaweza kuninyang'anya hilo la mwisho wakipenda. La kwanza ni letu kwa haki.

Natanguliza maneno haya kwa sababu wenzangu katika fani, wanaponiona nikiondoka Jumamosi alfajiri na mkoba wenye bastola, miwani na vikinga masikio, huniuliza mshairi anatafuta nini huko. Huko ni Kirigiti, katika kaunti ya Kiambu, ambako raia wenye leseni hukutana kushindana. Ulengaji wenyewe si ule wa kusimama mahali pamoja, mkono mmoja umenyooshwa, pumzi imezuiwa. Hapa mtu huichomoa bastola kwenye ala, hutembea, hujificha nyuma ya ukuta wa mbao, hupiga kadibodi tatu na chuma kimoja, hubadilisha magazini, huendelea. Shirikisho la IPSC, lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, lilijichagulia maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Chama cha IDPA, ambacho sheria zake ndizo tunazozitumia mara nyingi, kilizaliwa Marekani mwaka 1996. Vyote viwili hutumia saa ndogo inayolia ili uanze, kisha husikiliza mshindo wa kila risasi na kuuandika muda wake hadi sehemu ya mia ya sekunde.

Nitakaa kidogo kwenye hesabu, maana humo ndimo ugomvi wa kichwani unamoanzia.

Tuseme walengaji wawili wamepewa kituo cha risasi 12. Wa kwanza anazipiga zote katikati, kwa sekunde 10. Wa pili anamaliza kwa sekunde 8, lakini risasi zake 4 zimeangukia eneo linalofuatia la katikati. Kwa sheria za IPSC, na kwa risasi za nguvu ndogo, ya katikati ina alama 5 na ya eneo linalofuata ina alama 3; kisha jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde. Wa kwanza ana 60 kwa 10, yaani 6. Wa pili ana 52 kwa 8, yaani 6.5. Mwenye mbio ameshinda. Sasa wapeleke wawili hao hao kwenye IDPA, ambako kila alama iliyopotea huongeza sekunde 1. Wa kwanza amebaki na 10 zake. Wa pili amebeba 8 na 4, amekuwa na 12, na ameshindwa vibaya.

Katika nyumba ya pili inatawala haraka haraka haina baraka. Katika nyumba ya kwanza inatawala chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wahenga walituachia zote mbili bila ya kutwambia ipi itangulie, na mlengaji huenda nazo mstarini zikiwa zimeshikana mashati. Akianza kuziamua, sekunde zimekwisha kwenda. Ndipo nasema kwamba ugumu wa mchezo huu, kwa mtu ambaye mikono yake imekwisha kufundishika, ni ugumu wa maneno. Mkono unajua. Kinachochelewesha ni baraza linalokaa ndani ya fuvu.

Tazama mambo yanavyokwenda. Msimamizi anakuamuru ujaze risasi. Anakuuliza kama u tayari. Kisha anatoa neno la mwisho la tahadhari, na kutoka hapo hadi mlio wa saa hupita sekunde moja, au mbili, au zaidi. Hakuna ajuaye, na imekusudiwa iwe hivyo. Katika upenyo huo moyo hupiga ngoma yake, viganja hutoa jasho, na msemaji wa ndani husimama. Hukumbusha kile kituo cha tatu. Hutaja nani anatazama. Hupendekeza usibanwe na hofu, na kwa kulitaja neno hofu huwa ameileta. Tena ni msemaji fasaha! Mtu aliyeishi kwa kutunga ana msemaji aliyeshiba methali na misamiati, basi ugomvi wake ni mrefu kuliko wa seremala au dereva. Pale uwanjani wapo mafundi magari wanaonishinda kila mwezi, nami siwaonei wivu kwa mikono yao. Nawaonea wivu kwa kimya chao.

Mwalimu wangu ni mstaafu wa jeshi, mzaliwa wa Lamu, mtu asiyependa maneno mengi. Siku moja, baada ya kunitazama nikipiga vituo vitano, alisema: "Mwanangu, bastola haisikii. Wamwambia nani?"

"Sijasema kitu, mwalimu."

"Midomo yatikisika."

Watu wa mashairi watalielewa jambo hili haraka wakikumbuka mizani. Anayejifunza utungaji huhesabu silabi kwa vidole: nane ukwapi, nane utao, kumi na sita mshororo. Huandika, huhesabu, hufuta. Ni lazima apite hapo, wala hakuna njia ya mkato. Lakini mtazame malenga aliyesimama mbele ya hadhara anayejibizana na mwenzake papo kwa papo. Hahesabu. Akihesabu ameshindwa, maana hadhira inangoja na mpinzani anatabasamu. Zile nane zilihesabiwa zamani, mara elfu nyingi, hadi zikahama kutoka vidoleni zikaingia sikioni. Akiwa na silabi saba, haambiwi na hesabu. Mwili wake unajikwaa kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Walengaji bora nao hivyo hivyo. Hawajiambii "bonyeza taratibu". Walijiambia hayo mpaka maneno yakaisha kazi.

Kuyahamisha maneno kutoka kichwani hadi mkononi ni kazi ya nyumbani, ya usiku, isiyo na mshindo wala watazamaji. Huitoa magazini, huikagua bastola mara mbili kwa jicho na kwa kidole, risasi zote huziacha chumba kingine na mlango nikaufunga. Kisha nachomoa, nalenga karatasi ndogo ukutani, narudisha alani. Dakika kumi, si zaidi. Ni kama kuradidi ubeti. Mke wangu, ambaye mwanzoni hakuipenda sura ya jambo hili, sasa husema amezoea: zamani alisikia mtu akinong'ona vina, siku hizi asikia kitu kikigonga ngozi ya ala. Lakini chombo chenyewe bado hakipendi, nami sitaki akipende. Uwanjani mtutu ukivuka mpaka wa upande uliowekwa, hata mara moja, hata bila risasi kutoka, mtu hutolewa mashindanoni papo hapo na huenda nyumbani. Ukali huo ni sehemu ya elimu ya akili. Akili inayotangatanga hapa haipotezi alama tu.

Kuna jambo jingine ambalo mazoezi ya usiku hayalifikii. Risasi halisi hupiga teke, na mwili unaojua teke linakuja hulijibu kabla halijafika: macho hufumba, kiganja hukaza, mtutu huinama. Dawa yake ya kale ni kumpa rafiki akujazie magazini huku akichanganya risasi bandia moja au mbili mahali usipopajua. Ukifika kwenye ile bandia hakuna mshindo, na kila mtu anaona mtutu ulivyochungulia chini. Hakuna maelezo yanayoweza kushindana na picha hiyo. Aliyeandika vyema zaidi juu ya mambo haya, kwa maoni yangu, ni Brian Enos, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ulengaji wa vitendo. Kati ya yote niliyoyapata humo, kubwa ni kwamba kazi ya mlengaji ni kuona. Mengi mengine hujipanga yenyewe nyuma ya jicho lililo wazi.

Kuona huko kuna mtihani wake. Mwalimu husimama nyuma yangu, na baada ya kila risasi huuliza neno moja: "Wapi?" Haniruhusu kuitazama kadibodi. Nijibu kwa kile jicho lilichokiona pale alama iliyo mbele ya mtutu ilipoanza kuinuka. Tulijaribu kwanza kutaja mahali kwa uso wa saa, kama wafanyavyo Waingereza, tukaacha siku ile ile: saa tatu yao iko kulia, saa tatu yetu iko kushoto. Ndipo tukarudi kwenye hazina ya lugha yenyewe, ambayo ilikuwa imetungoja muda wote.

Ipo. Iko. Imo.

Sarufi hutufundisha kwamba po ni mahali dhahiri, ko ni mahali pasipo dhahiri, mo ni ndani. Darasani huwa ni jedwali la kukariri. Uwanjani jedwali likapata damu. "Imo" maana yake risasi imeingia kwenye duara la kati, upana wa sentimita 20 hivi, nami nimeiona ikienda. "Ipo" maana yake haikuingia, lakini naweza kupaonyesha ilipo kwa kidole: begani, kushoto, ukingoni. "Iko" ndilo jibu la aibu kuliko yote, ingawa laweza kuwa risasi nzuri. Iko huko, mahali fulani, sikuona. Mwalimu hakasiriki kwa "ipo" hata ikiwa mbali. Kwa "iko" hutikisa kichwa, na hutikisa kichwa hata tukienda kutazama tukaikuta katikati kabisa.

Tazameni kilichokosekana katika mazungumzo hayo. Hakuna kivumishi. Hakuna nzuri, mbaya, hovyo, safi. Vivumishi ndivyo chakula cha yule msemaji wa ndani. Mnyime navyo, ukampa viambishi vya mahali tu, hana la kuhutubia. Nimeona watu waliokwama kwa miaka katika daraja moja wakisogea kwa kubadilisha hilo peke yake, na nimejiona mwenyewe. Sijui dawa nyingine ya akili iliyo nafuu hivi, tena iliyomo ndani ya sarufi ya lugha ya mtu.

Hatari moja hubaki, nayo ni alama zenyewe, kwa kuwa mwisho wa siku orodha hubandikwa na jina lako liko mahali. Lanny Bassham, Mmarekani wa bunduki ndefu, alirudi kutoka Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na medali ya fedha, akatumia miaka iliyofuata kuichunguza akili, na mwaka 1976 huko Montreal akapata dhahabu. Lakini alilingana alama na mwenzake wa timu, Margaret Murdock. Kanuni za kutenganisha waliolingana ndizo zilizompa yeye dhahabu. Wimbo wa taifa ulipopigwa, alimvuta Murdock wakasimama wote wawili kwenye ngazi ya juu. Bassham baadaye aliandika na kufundisha mengi juu ya akili ya mshindi. Mimi hukumbuka zaidi ile ngazi: mtu aliyelisaka jambo hilo miaka minne, alipolipata, alikuwa na nafasi ya kutosha kichwani kumwona aliyesimama chini yake.

Nami sikuja Kirigiti kwa ajili ya medali. Miaka miwili kabla sijaanza, nilikuwa nimeacha kumaliza mashairi. Mshororo wa kwanza ulikuja, na kabla ya wa pili haujafika yule msemaji alikuwa amekwisha kuupima wa kwanza na kuupatia kivumishi. Nina daftari la beti zenye mshororo mmoja mmoja. Ni kitu cha kuhuzunisha kukitazama. Hofu yangu ilikuwa kwamba nikijifunza kumnyamazisha bastolani, nitampoteza mezani pia, na mshairi asiye na mhakiki ndani yake ni mpiga kelele. Haikuwa hivyo. Uwanjani mhakiki ana saa yake: risasi zimetolewa, chumba cha bastola kimekaguliwa, msimamizi ametangaza uwanja uko salama, hapo ndipo watu huenda mbele na karatasi kuhesabu matundu. Kabla ya hapo hakuna anayesogelea shabaha. Sasa mezani nauandika ubeti wote, mishororo minne, mkono umefunika iliyopita. Tangu Januari nimemaliza mashairi manane. Mawili yamo. Sita yapo.

Limebaki suala la amri. Zote hutolewa kwa Kiingereza, na mimi na mwalimu tumejaribu kuzifanya za Kiswahili katika mazoezi yetu. Nyingi zimekubali bila taabu. Lililotushinda ni lile neno la mwisho kabla ya mlio. "Kaa tayari" ni refu, tena lamkaza mtu mabega. "Subiri" lamfanya angoje, na anayengoja huanza kusikiliza badala ya kuona. Tulijaribu "tulia", lakini mtu akiamriwa kutulia hujichunguza kama ametulia, na msemaji amepata mlango. Mwalimu alipendekeza kutosema kitu, ainue mkono tu. Lakini mlengaji anatazama mbele, hauoni mkono ulio nyuma yake. Kwa sasa yeye husema "haya", kwa sauti ya chini, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mwenye neno bora na alilete. Liwe la silabi mbili, lisiwe na amri ndani yake.