Niliacha Chuo, Dadangu Akaongeza Mwaka

Mwaka ule niliacha chuo ndio dadangu aliamua kujiongezea mwingine. Sasa imagini mathe. Watoto wawili: mmoja ametoka mwaka wa pili bila cheti, mwingine amemaliza digrii Cape Town na bado anasema harudi nyumbani.

Siku alipopiga simu tulikuwa sebuleni Umoja, tushaanza kupanga pati. Akasema, "Mum, nimepata nafasi ya Honours. Ni mwaka mmoja tu." Mathe akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mzazi yeyote Mkenya angeuliza: "Kwani umerudia?"

Ilichukua wiki nzima kumwelewesha. Hapa Kenya BA ni miaka minne, na hilo neno "Honours" unalisikia siku ya gradu tu, wakisoma nani amepata fasti na nani amepata sekondi apa. Afrika Kusini ni tofauti. BA ni miaka mitatu. Honours ni digrii nyingine kabisa ya mwaka mmoja, na bila hiyo kwa kawaida huingii masters. Australia pia wana mwaka kama huo. Na usichanganye na ile digrii ya heshima ambayo wanasiasa hupewa wakivalishwa joho. Hii unatoka jasho. Ni krediti 120, na kila krediti inahesabiwa kama saa 10 za kazi. Piga hesabu: saa 1,200. Angalau robo ya hizo ni utafiti wako mwenyewe, swali moja ulilochagua wewe.

Mathe akaishia kuiita "onazi". Sisi wote tukafuata.

Mimi niliona ni upuzi. Nilikuwa nimeacha sosholojia hapa Nairobi kwa sababu karo ilikuwa shida, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu video zangu zilikuwa zimeanza kuleta pesa na lekcha zilikuwa zinaniletea usingizi. Nikaposti video nikisema kuongeza mwaka kwenye digrii ya sanaa ni kama kulipa nauli ya matatu iliyoharibika, halafu unaongeza pesa ndio ukae ndani. Watu walicheka sana. Dadangu aliiona. Hakusema kitu.

Swali lake lilikuwa hili: wanaume wanaolinda magari ya watu barabarani Cape Town, wale wa jaketi za kung'aa wanaokuelekeza upaki, wanajionaje wao wenyewe? Wengi ni Wakongo. Wengine wana digrii. Na wale wa mashariki mwa Kongo wanaongea Kiswahili. Hapo ndipo alipoona nafasi yake. Darasa lake lote hakuna mwingine angeweza kuketi nao na kuwasikiliza kwa lugha yao.

Aliniambia kuhusu Archie Mafeje. Mwaka 1963 yeye na Monica Wilson walitoa kitabu kuhusu Langa, mtaa wa Waafrika hapo Cape Town. Mafeje ndiye aliyeingia Langa kuongea na watu, akiwa bado mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu, na Kixhosa kilikuwa lugha yake. "Kijana tu kama wewe," dadangu akasema. "Alienda akasikiliza."

Basi akarekodi watu 11. Ufadhili wake ulikuwa umeisha na BA, alikuwa anafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio alipe rent. Hakuwa na muda wa kuandika rekodi zote neno kwa neno. Mimi huweka maandishi kwenye video kila siku, vidole viko mbio. Akaniomba nisaidie, kwa malipo kidogo. Akanitumia karatasi ya kuahidi kutunza siri. Nikatia sahihi bila kusoma, vile sote hukubali masharti ya app.

Sikutarajia nipende ile kazi. Kiswahili chao kilinichanganya mwanzo. Sisi tunasema "watoto", wao "batoto", na Kifaransa kinapita katikati ya sentensi kama bodaboda kwenye foleni. Lakini baada ya rekodi mbili tatu nikazoea. Nilikuwa nakaa hadi saa nane usiku nikiwa na earphones, nikisikia dadangu anauliza swali moja halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka mtu anaongea kile alichokuwa anaficha. Mimi kwenye video zangu sijawahi kunyamaza hata sekunde tatu. Ukinyamaza, mtu anapita.

Kwenye rekodi ya saba, mzee mmoja akasema jambo kuhusu familia yake. Sitaliandika hapa. Lilikuwa jambo zito, na alilisema vizuri kuliko mwigizaji yeyote.

Nikakata sekunde 38.

Sikuweka jina. Sikuweka mji. Nikaweka picha ya barabara usiku na muziki wa chini kwa chini. Nilijiambia ninamsaidia, ati dunia isikie. Ukweli ni kwamba wiki hiyo nilikuwa sijaposti kitu chochote cha maana.

Video ilipaa. Baada ya saa tano hivi mtu akaandika chini yake: "Hii sauti naijua."

Nilisikia baridi tumboni. Nikaifuta. Lakini dadangu alikuwa ashaiona, mtu alikuwa amemtumia. Alinipigia na hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Ulisoma ile karatasi?"

Ilibidi amwambie msimamizi wake. Ilibidi aandikie kamati ya maadili ya chuo. Na ilibidi aende kwenye ile paking, asimame mbele ya yule mzee, amwambie kwamba mdogo wake ametoa sauti yake mtandaoni. Mzee hakumtukana. Aliomba rekodi yake ifutwe na maneno yake yasitumike popote. Hiyo ni haki yake, iko kwenye fomu aliyosaini. Dadangu akafuta. Sura nzima ya kazi yake ilikuwa imesimama kwa maneno ya yule mzee, na zilikuwa zimebaki wiki sita tu akabidhi.

Nilimwomba amfikishie voice note yangu ya msamaha. Akasema, "Hataki msamaha wako. Anataka kusahauliwa."

Aliandika ile sura upya. Akapata 73. Huko kwao daraja la kwanza linaanza 75. Hajawahi kusema zile alama mbili ni zangu. Mimi ndiye husema.

Sasa mkiniuliza kama onazi ina maana, sina jibu la wote. Kama unaongeza mwaka kwa sababu unaogopa kutafuta kazi, huo uoga utaukuta mlangoni mwaka ukiisha, na deni juu. Na kabla useme ndiyo, uliza kama ufadhili wako unafika huko. Lakini kama una swali moja ambalo halikuachi, na wewe ndiwe unaweza kulisikiliza, basi mwaka mmoja si mwingi. Mimi nilidhani dadangu analipia karatasi. Kumbe alikuwa anajifunza kukaa na siri ya mtu bila kuitumia. Hiyo mimi hakuna aliyenifunza, na nina watu wengi wanaonitazama kuliko watakaowahi kusoma kazi yake.

Sirudi chuo, angalau si sasa. Lakini siku hizi nikirekodi mtu stejini au sokoni, namwonyesha klipu kabla haijatoka. Wiki iliyopita mama mboga mmoja aliitazama mpaka mwisho, akacheka, halafu akasema, "Hapana, mwanangu, futa." Ilikuwa klipu kali. Nikaifuta akiona.

Hii pia nilimtumia dadangu kwanza. Alikata aya moja. Alisema bado mtu angeweza kumjua mzee.