Unakaa Wapi? Gari, Makao na Kanuni za Maegesho ya Usiku

Mgeni akiingia mjini, aghalabu swali la kwanza analoulizwa ni hili: unakaa wapi? Msemaji wa Kiswahili haoni utata wowote katika kitenzi hicho. Kukaa ni kuketi kitini, ni kungoja kidogo, ni kuishi mahali kwa miaka na mikaka. Muktadha ndio uamuao. Hata gari hulala. Mwenye matatu ataulizwa gari lake hulala wapi, naye atajibu bila kufikiri kwamba amelipa ubeti. Lakini wapo watu ambao maisha yao yamebanwa katika ule mwanya mdogo ulio baina ya maana moja ya neno na nyingine, na ambao kila usiku huamuliwa na askari wa jiji kama ni gari lililokaa au ni wao waliokaa.

Watu hao ni wengi katika miji ya pwani ya magharibi ya Marekani, kuanzia Los Angeles hadi Seattle. Magari ya makazi, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, yalibuniwa kwa ajili ya likizo. Kodi za nyumba zilipopanda na kuipita mishahara, magari hayo, pamoja na vibasi na pikapu za kawaida, yakageuka kuwa chumba cha mwisho cha mtu kabla ya kulala barabarani. Yanaegeshwa kando ya viwanda, chini ya madaraja, karibu na fukwe. Wenye nyumba za jirani hulalamika, na si haki kuwabeza: maji machafu humwagwa kwenye mitaro ya mvua, takataka hurundikana, jenereta hunguruma usiku kucha. Mabaraza ya miji hujibu kwa kile yanachokimudu upesi zaidi, yaani kibao cha katazo.

Tazama kwa mfano kanuni ya Los Angeles iliyotungwa mwaka 1983. Ilikataza mtu kulitumia gari kama makao katika barabara na viwanja vya maegesho vya jiji. Makao ni nini? Kanuni haikusema. Mwaka 2010 polisi walipoanza kuitekeleza kwa bidii katika mtaa wa Venice, ilidhihirika kwamba hakuna aliyejua mpaka wake. Je, ni kulala? Ni kula? Ni kuwa na blanketi, mfuko wa nguo na chakula cha mbwa katika kiti cha nyuma? Watu walikamatwa au kuonywa kwa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mwezi wa Juni mwaka 2014 mahakama ya rufani ya shirikisho iliibatilisha kanuni hiyo. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Harry Pregerson, ilieleza kwamba maneno yake yalikuwa na ukungu kiasi kwamba raia hakuweza kujua ni tendo gani lililokatazwa, na kwamba ukungu huo ulimpa askari nafasi ya kuchagua wa kumkamata. Mwanafunzi wa isimu anayedhani semantiki ni somo la kupitia mtihani na atafakari hapo: watu walikuwa wametiwa pingu kwa sababu ya nomino isiyofasiliwa.

Jiji halikukata tamaa. Kanuni mpya iliyoanza kutumika mwaka 2017 ilikwepa falsafa na kushika saa na vipimo: marufuku kukaa garini katika mitaa ya nyumba za watu kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na marufuku wakati wote karibu na shule, bustani za umma na vituo vya kulelea watoto. Zaidi ya hayo, kulikuwa na vibao vilivyolenga magari makubwa, yenye urefu unaozidi futi 22 au kimo kinachozidi futi 7, yasiegeshwe baina ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Kibao hakimtaji maskini popote. Kinataja futi. Hata hivyo kila apitaye anajua ni nani anayemiliki gari la futi 23 na kuwa ndani yake saa nane usiku.

Kisa cha Seattle kinastahili kusimuliwa kwa utulivu zaidi. Mwaka 2016 fundi mmoja, ambaye jina lake la ukoo, Long, ndilo lililobeba kesi hiyo, alikuwa akiishi ndani ya pikapu yake. Gari lilikuwa limeharibika, naye alikuwa ameliegesha katika kiwanja cha changarawe kinachomilikiwa na jiji. Kanuni ya Seattle haimruhusu mtu kuliacha gari mahali pamoja kwa zaidi ya saa 72. Mwezi wa Oktoba askari walifika, naye akawaeleza waziwazi kwamba humo ndimo anamoishi. Ilani ikabandikwa. Siku chache baadaye, naye akiwa kazini, gari likakokotwa. Aliporudi hakukuta chumba wala kitanda. Hakuwa na zana zake za kazi pia, maana zilikuwa ndani ya gari. Akalala nje, katika msimu wa mvua.

Gharama za kukokotwa na kuhifadhiwa zilifika dola 946.61. Hakimu wa mahakama ya jiji alizipunguza hadi dola 557.12, zilipwe kwa awamu za dola 50 kila mwezi. Long akakubali, kwani vinginevyo gari lingeweza kupigwa mnada. Fundi aliyenyang'anywa zana akatakiwa afanye kazi ili alipie zana hizo. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kumwona mchuuzi akifukuzana na askari, wawe wale wa baraza kabla ya mwaka 2013 au wa kaunti baada yake, hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, ambayo ilitoa uamuzi wake mwezi wa Agosti mwaka 2021. Majaji walishikilia mambo mawili. Kwanza, gari linalokaliwa na mwenyewe kama makao ni makao mbele ya sheria ya jimbo hilo inayolinda nyumba za watu, wala mkazi halazimiki kwenda kuliandikisha popote ili lihesabiwe hivyo. Pili, kulikokota gari lile na kumtoza mwenyewe gharama zile ilikuwa adhabu iliyopita kiasi, ikizingatiwa uwezo wake, hivyo ilikiuka katiba ya Marekani. Wazo la pili ni la kale mno. Mkataba wa Magna Carta wa Uingereza, wa mwaka 1215, tayari uliagiza kwamba anayetozwa faini asinyang'anywe kile kinachompa riziki: mfanyabiashara aachiwe bidhaa zake, na mkulima zana zake. Miaka mia nane ilipita kabla ya agizo hilo kumfikia fundi mwenye pikapu.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Santa Barbara, huko California, tangu mwaka 2004 kuna mpango wa kufungua viwanja vya makanisa na vya ofisi usiku ili wanaoishi magarini walale bila kubughudhiwa, na waondoke asubuhi. New Zealand, ambako sheria ya mwaka 2011 ilikuwa imetungwa ili kudhibiti watalii wanaolala magarini ovyo, ilibadilishwa mwaka 2023: gari lidaiwe choo kilichofungwa imara, lakini asiye na pa kuishi asihesabiwe kuwa mtalii. Jambo la kupendeza hapo ni kwamba bunge lilikubali kutofautisha anayelala garini kwa hiari na anayelala humo kwa kukosa.

Marekani kwenyewe upepo umevuma kinyume. Mwezi wa Juni mwaka 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass wa jimbo la Oregon, Mahakama ya Juu ya nchi iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba kumwadhibu mtu kwa kupiga kambi mahali pa umma si adhabu ya kikatili, hata akiwa hana kwingine. Kanuni za mji huo zilihesabu gari kuwa mojawapo ya mahali pa kupigia kambi. Uamuzi huo haukuigusa hukumu ya Seattle, iliyosimama juu ya kifungu kingine kihusucho faini, wala hukumu ya Seattle haikuifuta kanuni ya saa 72. Gari zima huwashwa kabla ya muda kwisha, likasogezwa mtaa wa pili, na hesabu ikaanza upya. Bovu husukumwa, iwapo watapatikana watu wa kulisukuma.